Shungi si upanga: kosa langu la karatasi moja

Leo kabla hujaendelea kusoma nakuomba jambo dogo. Nenda bandani, kamata jogoo yeyote, umwoneshe jirani yako ile nyama nyekundu iliyosimama juu ya kichwa, yenye meno kama ya msumeno. Muulize inaitwaje. Kisha muulize na mwingine.

Mimi nilishafanya hivyo kwenye mkutano mmoja wa kijiji hapa Geita. Watu hawakuzidi thelathini, lakini nilipata majina manne: upanga, kilemba, undu na kishungi. Mzee mmoja akajibu kwa Kisukuma, na kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amesimama nyuma akasema, "Si ile nyekundu tu, bwana mifugo?" Watu wakacheka. Kijana yule ndiye aliyenifaa kuliko wote, na mpaka leo namwiga.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa bado mgeni kazini, niliandika karatasi moja iliyowagharimu watu kuku wao. Sikuwahi kuieleza hapa. Wengine mnaijua hadithi hii kwa upande wenu, leo isikieni kwa upande wangu.

Ilikuwa kabla ya mvua za vuli. Kama mnavyojua, mvua zikianza madimbwi yanajaa, mbu wanazaliana, na ndui ya kuku inakuja nyuma yao. Nikaona niwaandalie wafugaji karatasi ya ukurasa mmoja: dalili za ndui, jinsi inavyoenea, na kwamba kuku wachanjwe mapema. Nilikuwa na kitabu kimoja cha zamani cha Kiingereza. Pale kwenye dalili, kitabu kilisema vipele na magamba ya ndui huonekana kwenye "crest" ya kuku na kwenye zile nyama zinazoning'inia chini ya mdomo. Neno hilo sikuwa na uhakika nalo. Nikafungua kamusi, nikakuta maana kadhaa, ya kwanza ikiwa shungi. Nikaandika: "Ukiona vipele kwenye shungi la kuku wako, hiyo ni ndui." Nikachapa nakala, nikagawa, moja nikaibandika ofisi ya kijiji. Nilijiona nimefanya kazi.

Sasa wewe unayefuga unajua tayari nilipokosea. Shungi ni manyoya. Ni lile fungu la manyoya linalosimama au kulala juu ya kichwa cha kuku wachache, kama kofia. Kuku wa namna hiyo wengine huwaita kuku wa kishungi, wengine kibwenzi. Katika kundi la kienyeji la kuku thelathini unaweza kuwa naye mmoja au wawili, au usiwe naye kabisa. Kwa hiyo watu walisoma karatasi yangu wakaelewa kitu ambacho mimi sikukiwaza: kwamba ndui ni ugonjwa wa kuku wenye shungi.

Walifanya nini? Walichofanya ndicho ambacho mtu mwenye akili angefanya. Wakawakamata wenye shungi wote wakawauza. Mchuuzi mmoja wa kuku anayepeleka mzigo Katoro na kwenye machimbo aliwachukua kwa nusu bei, maana kila mtu alikuwa anataka kuwaondoa upesi. Baadaye nilikutana naye kwenye gulio, akaniambia huku anacheka, "Bwana mifugo, andika na nyingine." Sikuelewa anamaanisha nini. Nilidhani ananisifu. Ndiyo kilemba cha ukoka chenyewe hicho, nikakivaa.

Waliobaki bandani hawakuchanjwa. Wachanjwe kwa nini, wakati hawana shungi?

Mvua zikaja. Mama mmoja akanipigia simu, akaniomba nipite. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, kifaranga mkononi, anakisafisha macho kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Vifaranga na matembe wake walikuwa na vinundu usoni, kwenye kope, pembeni mwa mdomo, na kwenye ile nyekundu. Wengine macho yalikuwa yameziba kabisa kwa magamba. Kifaranga asiyeona hafiki kwenye chakula, hafiki kwenye maji, na anakufa kwa njaa kabla ndui haijammaliza. Alikuwa ameshazika zaidi ya ishirini. Kuku wale walikuwa wauzwe mwezi wa kwanza, pesa ya sare na madaftari ya watoto wawili.

Nikamwambia, "Mwadila mayu. Pole sana. Karatasi yangu haikukufikia?"

Akanitazama. Akaingia ndani akatoka nayo, imekunjwa vizuri, wala haina doa. "Ilinifikia, mwanangu. Lakini hawa wangu hawana shungi."

Hakusema zaidi ya hapo. Nilirudi ofisini nikasoma tena ukurasa ule wote. Ulikuwa na sentensi nyingi sahihi. Mbu ilikuwepo, usafi ulikuwepo, chanjo ilikuwepo. Neno moja tu ndilo lililowaambia watu kwamba habari ile yote haiwahusu.

Nilianza kulifuatilia neno lile la Kiingereza kama mtu anayedai deni. Kumbe waliolitumia wenyewe walilipa kazi nyingi. Asili yake ni Kilatini, "crista", na tangu huko lilimaanisha kitu chochote kinachosimama juu ya kichwa cha ndege, kiwe nyama au manyoya. Wafugaji wa Kiingereza wa siku hizi wametenganisha: nyama wanaiita "comb", manyoya ndiyo "crest". Lakini vitabu vya zamani havikujali, na kitabu changu kilikuwa cha zamani.

Na hiyo "comb" nayo isikudanganye. Neno hilohilo ni kitana cha kuchania nywele, na pia ni sega la nyuki. Mfugaji mmoja alinionesha simu yake iliyomtafsiria ushauri kutoka intaneti. Ulikuwa unamwambia achunguze rangi ya kitana cha kuku. Alikuwa amekaa anajiuliza kuku anachanwa wapi. Tulicheka, lakini mwenzangu fikiria: angekuwa peke yake, angeiacha simu na kuku wangekufa.

Turudi kwenye "crest". Zamani askari wa Ulaya waliovaa kofia za chuma walichomeka manyoya au sanamu juu ya kofia ili wajulikane vitani, na hilo pambo likaitwa kwa neno lilelile la jogoo. Kutoka hapo likahamia kwenye nembo, na leo Waingereza wengi wakiona nembo ya shule au ya klabu ya mpira wanaiita "crest". Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Uganda wanaye korongo taji kwenye bendera na kwenye nembo ya taifa, yule ndege mwenye manyoya ya dhahabu yaliyosimama kichwani kama miale. Kiingereza cha huko humwita kwa hilo shungi lake, na timu yao ya taifa ya wanawake ya mpira wa miguu imechukua jina hilo. Kwa hiyo kule neno limekaa sawasawa na shungi, yaani manyoya. Mimi nililichukua lenye maana hiyo nikalipachika mahali pa nyama.

Usifikiri hata hivyo kwamba Kiswahili chetu ni kisafi zaidi. Upanga tunaosema wa jogoo ni upanga huohuo wa kufyekea. Niliwahi kupigiwa simu, "Kuku wangu ameumia upanga," nikauliza nani kamkata. Kilemba ni cha jogoo, ni cha shehe, na wewe mfanyabiashara unakijua cha tatu, kile unachodaiwa ili uachiwe fremu ya duka. Halafu kuna vijitabu vya ufugaji vya Kiswahili, vilivyoandikwa na watu wanaojua kazi, ambavyo vinaiita nyama ile kishungi. Kwa hiyo hata usiponisoma mimi unaweza kukutana na kosa lilelile. Ukisoma "kishungi kimekuwa cha bluu", jua mwandishi anazungumzia nyama. Manyoya hayageuki bluu kwa ugonjwa.

Sasa tuzungumze juu ya vitu vyenyewe, maana majina yanaweza kubadilika lakini kichwa cha kuku ni kilekile.

Ile nyekundu, mimi nitaiita upanga kuanzia hapa, ni ngozi nene iliyojaa mishipa midogo ya damu. Kazi yake mojawapo ni kupoza mwili, kwa sababu kuku hatoki jasho. Damu inapita pale, inapoa, inarudi. Kwa sababu ina damu nyingi karibu na ngozi, ndicho kioo cha afya ya kuku kilicho rahisi kuliko vyote. Huhitaji maabara kuanza kushuku. Unahitaji mwanga wa asubuhi na dakika mbili kabla hujafungulia banda.

Upanga mwekundu, laini, wenye joto la kawaida: kuku mzima. Kwa jike, upanga ukikua na kuwa mwekundu wa kung'aa ujue anataga au anakaribia kutaga. Akiatamia au akiacha kutaga, upanga unasinyaa na kupauka kidogo, na huo si ugonjwa. Wengi wananiletea kuku anayeatamia wakidai ana minyoo. Kwanza uliza anafanya nini.

Upanga uliopauka kama mtu asiye na damu, kwa kuku asiyeatamia, unakuambia damu inakwenda mahali. Mara nyingi ni utitiri mwekundu, wale wadudu wanaojificha kwenye nyufa za banda na fito mchana na kunyonya usiku. Ingia bandani usiku na tochi, pitisha kidole chini ya fito, ukiona doa la damu umewapata. Kama si wao, fikiria minyoo, na kwa vifaranga fikiria kuhara damu.

Upanga unaogeuka bluu iliyoiva au mweusi ni jambo jingine kabisa. Hapo damu haina hewa ya kutosha. Unaweza kuwa kideri, unaweza kuwa kipindupindu cha kuku, unaweza kuwa mafua makali ya ndege. Usimchinje ukamla, usimuuze, usimtupe porini. Mtenge, usitoe kuku yeyote nje ya boma, nipigie au mpigie afisa mifugo wa kata yako siku hiyohiyo. Mchuuzi, na wewe nakusihi: kuku watatu wenye panga nyeusi kwenye tenga moja watakuletea hasara kwenye tenga zima kabla hujafika sokoni.

Vumbi jeupe kama unga juu ya upanga ni fangasi. Upanga uliokunjamana na kukauka mara nyingi ni kiu. Jaza maji kwanza kabla ya kununua dawa. Na vinundu vinavyoanza kama punje ndogo nyeupe, vikakua, vikawa magamba ya kahawia: hiyo ndiyo ndui, ile niliyoiandikia shungi.

Usisahau lakini kwamba si kila kuku ana upanga mkubwa. Kuchi, wale warefu wenye shingo ndefu ambao wafugaji wa Mwanza na Shinyanga wanawapenda kwa uzito, wana upanga mdogo uliolala kichwani kama kifundo. Ukimlinganisha na jogoo wa kawaida utadhani amesinyaa. Kuchi mfananishe na Kuchi. Kama huna wa kumfananisha naye, tazama uso na zile nyama za chini ya mdomo, rangi yake itakwambia.

Na shungi je? Hapa nina deni kwa kuku wale waliouzwa nusu bei bila kosa. Kuku wa shungi hana ugonjwa wowote wa pekee wa ndui. Anaugua kama wenzake, anachanjwa kama wenzake, anataga kama wenzake. Anayo mambo yake matatu. La kwanza, manyoya yakimfunika macho hamwoni mwewe anayeshuka kutoka juu, wala haoni jogoo anayemjia ubavuni, kwa hiyo anaonewa. Chukua mkasi, punguza yale ya mbele ya macho tu, hataumia. La pili, shungi ni kichaka kizuri cha chawa na viroboto. Lifunue kwa vidole, angalia kwenye ngozi, hasa kwa kuku aliyedhoofika bila sababu. La tatu wengi hawalijui: kwa baadhi ya kuku wenye shungi kubwa, mfupa wa kichwa chini ya manyoya umeinuka na haukuziba vizuri. Pigo dogo la kichwani ambalo kuku mwingine angelipuuza linaweza kumwangusha huyu. Waambie watoto wasimrushie mawe, na mchuuzi usimbane kichwa kwenye mlango wa tenga.

Kanga wa porini anayekuja kwenye mashamba yetu, yule kilichosimama kichwani si nyama wala manyoya, ni mfupa. Kororo, ndugu yake wa misituni, ana manyoya meusi yaliyojikunja. Wazungu walipowapa majina, wa kwanza wakamwita wa kofia ya chuma na wa pili wakampa lile neno langu la balaa. Hapo nakiri walilitumia vizuri.

Jambo jingine nililoligundua nikifuatilia neno hili halihusu kuku, lakini linahusu Geita, kwa hiyo silirukii. Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha ufugaji alikuja kupata kazi kwenye mgodi mkubwa wa shimo la wazi. Nikamsimulia aibu yangu. Akaniambia, "Mwalimu, hata sisi tunalo hilo." Kwenye migodi ya wazi, kuta za shimo hukatwa kwa ngazi, na ukingo wa juu wa kila ngazi wataalamu wa miamba huuita "crest". Ni sehemu inayoogopwa. Ufa unaoanza hatua chache nyuma ya ukingo, ukiwa sambamba nao, ni dalili kwamba kipande kile kinataka kushuka.

Nawaandikia hili kwa sababu wengi wenu mnachimba. Msimu wa shamba ukiisha mnakwenda kwenye maduara, wengine mnachimba visima, vyoo, na mashimo ya mchanga na ya tofali nyuma ya nyumba. Ukingo wa shimo lolote ni "crest" hiyohiyo. Usirundike udongo uliotoa ndani pembeni kabisa mwa mdomo wa shimo, uzito wake unausukuma ukuta. Usisimamishe punda na mkokoteni pale. Ukiona ufa juu, toka na utoe wenzako, hasa siku ya pili baada ya mvua. Hapo sihitaji kueleza sana, kila mmoja wetu amehudhuria msiba wa namna hiyo.

Na lambo. Juu ya tuta la lambo, pale mnapopita kwa miguu, michoro ya wahandisi huandika neno lile. Ng'ombe wakizoea kupita juu yake wanalikanyaga mpaka linakuwa na bonde katikati, na maji ya mvua kubwa yakipata bonde hilo yanapita hapo badala ya kwenye njia yake ya pembeni, na tuta linakatika usiku mmoja. Panda nyasi juu ya tuta, usipande miti, maana mizizi yake ikioza inaacha mifereji. Ng'ombe wapewe njia yao. (Niliposema "tuta" kwenye mkutano mmoja, mama mmoja alidhani nazungumzia matuta ya viazi, na dereva wa bodaboda alidhani ya barabarani. Ndipo nikajua sitapona ugonjwa huu.)

Basi nilichobadilisha ni hiki. Karatasi zangu zote sasa nazisomea watu watatu kabla ya kuchapa: mama anayefuga, mchuuzi, na kijana wa darasa la saba au wa bodaboda. Siwaulizi kama wameelewa, maana mtu mwenye heshima zake atasema ameelewa. Nawauliza, "Sasa utafanya nini?" Kama wa kwanza angesema, "Nitauza wenye shungi," karatasi ile isingetoka ofisini. Na pale penye jina la sehemu ya mwili nachora. Mchoro wangu si mzuri, jogoo wangu wa kwanza alifanana na bata, lakini mshale unaonesha ile nyekundu.

Ukinipigia simu utaona nakuuliza swali moja kabla ya mengine yote: ni nyama au ni manyoya? Usikasirike ukadhani nakudharau. Jina ulitumialo wewe litumie, upanga, kilemba, undu, lolote, mimi nitalifuata. Nataka tu kujua kidole chako kiko wapi. Kama una simu ya picha, piga picha ya kichwa kwa ubavu, nje ya banda, kwenye mwanga wa jua la asubuhi. Tochi ya simu inabadilisha rangi, upanga wenye afya unaonekana mweusi na mweusi unaonekana wa kawaida.

Wanunuzi wa kuku wa sikukuu nanyi nawaongezea. Upanga unaong'aa sana kuliko uso wa kuku mwenyewe, upitishie kidole. Nimeona wauzaji wakiupaka mafuta ya kula ili jogoo aonekane kijana. Mafuta hayamdhuru, lakini yanaficha kupauka na yanaficha magamba madogo ya ndui. Futa kwa kitambaa kwanza, ndipo upange bei.

Kuhusu ndui yenyewe, kwa wale ambao tayari wanayo bandani: dawa ya kuua kirusi chake hakuna. Watenge wagonjwa. Magamba usiyabandue kwa nguvu, yalainishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, upake ayodini. Macho yaliyoziba yafungue polepole kila siku, na umpe kifaranga chakula na maji mdomoni mwenyewe mpaka aone, kazi hiyo ndiyo inayookoa wengi kuliko dawa ya dukani. Magamba yaliyodondoka yafagie uyachome, kirusi kinaweza kukaa humo miezi. Fukia madimbwi, mwaga maji ya kwenye matairi na makopo. Wale ambao bado hawajaonesha dalili wachanjwe haraka, usisubiri.

Chanjo ya ndui haitiwi kwenye maji wala jichoni kama ile ya kideri. Inachomwa kwenye utando wa bawa kwa sindano yenye ncha mbili. Baada ya siku saba hadi kumi geuza bawa uangalie: ukikuta kinundu kidogo chenye gamba pale palipochomwa, chanjo imeshika. Usipokiona, niite, irudiwe. Na wale wanaoniuliza kama ndui hii inampata mtu, hapana, ni ya ndege.

Yule mama bado anafuga. Msimu uliofuata aliniita nichanje kundi zima, na watoto wake ndio walioshika kuku. Ananiita Bwana Shungi mbele za watu, na jina limeshaenea mpaka kwenye gulio. Nimelizoea, naitika.

Chupa ya chanjo ikishachanganywa lazima iishe ndani ya saa chache, na inatosha kuku wengi kuliko wa boma moja, kwa hiyo jikusanyeni kaya tano au sita kwa mtaa, chagueni boma moja, na mwenyekiti wenu anipe siku kabla vuli haijaanza. Kuku wafungiwe tangu usiku, nije nao wako ndani. Na wenye shungi msiwaache nyuma.